Hawakukukomboa

Itetemia, Tabora
Jumamosi jioni, Juni 1978

Mwanangu Nyamizi,

Barua hii nimeiweka chini ya michembe ya viazi makusudi. Najua hutafungua mfuko wa chakula mpaka njaa ikuume, na wewe njaa hukuuma ukishaipita Itigi. Wakati huo nitakuwa mbali nawe, huwezi kunikatiza, na huwezi kunitazama kwa yale macho ya mama yako yanayonifanya nisahau nilichotaka kusema.

Habari za sabuni, za kufuli la sanduku na za kutokula vya watu njiani umekwisha kuambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu, kwa hiyo naziruka. Sina pia maneno ya baraka yaliyopangwa vizuri. Wazazi wengine huwatoa watoto wao kwa kuwatakia amani. Mimi nakutoa ukiwa umebeba ugomvi wangu, na ni haki yako kujua ulianzaje kabla hujaukubali au kuutupa dirishani.

Unakwenda kusoma sheria. Wote waliokuja leo kukuaga walisema unakwenda kulitumikia taifa, na ni kweli. Lakini mimi nina shabaha ndogo kuliko taifa. Nataka siku moja usimame mbele ya hakimu useme kwamba mtani naye ni mzazi, na hakimu asicheke. Na nataka baba yako mkubwa Mihambo awe hai siku hiyo, akae benchi la mbele, asikie vizuri.

Baba yako Maganga alikuwa gadi wa treni. Mimi nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Siku yangu ya kwanza kazini, nimetoka Kisarawe na cheti changu cha darasa la kumi, nimevaa soksi ndefu kama mzungu, alinitazama kuanzia chini akaniuliza kabila. Nikamwambia Mzaramo. Alinivua kofia, akaivaa, akapanda behewa lake akaenda nayo Kigoma. Safari ya kurudi aliniletea kofia yangu imejaa dagaa.

Wewe umekulia ndani ya utani, huuoni tena. Huko uendako utawakuta wasioujua na itabidi uwaeleze, kwa hiyo acha nikueleze kama ninavyouelewa mimi. Enzi za misafara babu zako Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani. Walilala kwetu, wakagombana nasi, wakaugua mikononi mwetu, na waliokufa tuliwazika sisi, maana ndugu zao walikuwa mwendo wa miezi. Watu waliozikana namna hiyo walikubaliana wasikasirikiane tena. Mtani akutukane, achukue kitu chako, nawe ucheke. Lakini siku ya kufa kwako, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi.

Maganga alikufa kwa homa mwaka ule ule wa Uhuru. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Tulimzika hapa Itetemia. Ndugu zake walikuja kwa lori kutoka Puge, na kiongozi wao alikuwa kaka yake, baba yako mkubwa Mihambo. Mimi nikafanya kazi ya mtani. Niliwazuia wabeba jeneza njiani nikidai marehemu ana kofia yangu. Nilivaa koti la Maganga nikatembea kama yeye, bega moja juu, mpaka mama yako Kalunde, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu msiba uingie, akacheka huku analia. Halafu wakati wa kufukia nikakutwaa wewe kutoka mgongoni kwa mwanamke aliyekubeba, nikasema mbele ya wote kwamba huyu nimemteka, anayemtaka aje amkomboe.

Unaijua desturi. Mtani akiteka kitu msibani, wenye msiba hukikomboa. Hutoa kuku, au kibuyu cha pombe, au hata kiberiti. Kinachotakiwa ni mtu kunyosha mkono na kusema hiki ni chetu. Siku ile ningekuachia kwa konzi ya karanga. Nilitaja jogoo kwa sababu jogoo alikuwepo. Mihambo alikuja naye kutoka Puge, amefungwa miguu juu ya lori.

Mihambo alinitazama, akamtazama jogoo wake. Akasema, "Kaa naye, Mzaramo. Huyo anakula kuliko jogoo."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nikangoja wamalize mzaha, mmoja wao aje na chochote, jioni ile, au kesho yake, au siku ya kuondoa matanga. Hakuja mtu. Lori lilirudi Puge na jogoo juu yake. Katika daftari langu la kila siku niliandika: "Mtoto wa Maganga yuko kwangu. Hawakumkomboa. Asubuhi apewe maziwa."

Hivyo ndivyo nilivyokupata. Sikukuzaa, sikukuokota, sikukuomba. Nilikuteka kwa mchezo, na wenyewe wakaukimbia mchezo nikiwa bado nimekushika.

Nilihamia chumba cha uani katika ile nyumba ya Isevya aliyoijenga baba yako, ile yenye mlango wa buluu ambayo sasa ni duka la mtu. Mama yako alikaa chumba cha mbele pamoja nawe. Tulikula sahani moja sisi watatu. Mimi nilikupeleka zahanati, nilikunyoa, nilikufundisha kuhesabu kwa mabehewa ya mizigo yanayopita. Mama yako alishona nguo za watu barazani, na jioni tulitukanana mpaka majirani Wahindi wa duka la kona wakatoka kusikiliza. Yeye aliniambia Wazaramo tulizaliwa tukiwa tumechoka. Mimi nilimwambia babu yake alibeba mzigo mpaka pwani na kurudi na kitu kimoja tu, upara. Ulikuwa ukicheka kabla hujaelewa.

Watu walisema yao. Mtaa mzima ulijua hatulali chumba kimoja na mtaa mzima ulisema tunalala. Baada ya miaka miwili nilimwuliza mama yako kama tufunge ndoa, yaishe. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Ukinioa, Mzaramo, itabidi nikuheshimu," alisema. "Halafu nani atanichekesha?"

Sikumwuliza tena. Wengine wameniambia kwamba hapo ndipo nilipokosea, kwamba cheti kimoja cha ndoa kingezuia yote yaliyofuata. Labda. Nimelipima jambo hili miaka mingi na bado sitaki kulijutia. Tulichokuwa nacho kilikuwa kitu kamili. Kosa ni la wale waliokitazama wakasema hakina jina, kwa hiyo hakipo.

Ulipofika miaka minane, Mihambo alikuja mjini kuuza asali, akaiona nyumba. Alikuwa hajaiona tangu matanga. Alikuta ni ya matofali ya kuchoma, iko karibu na soko, na Isevya imejaa wapangaji. Akakumbuka kwamba mwenye nyumba ile kwa mila ni mtoto wa Maganga, na anayemshika mtoto anaishika nyumba. Basi akagundua kwamba anakupenda sana.

Alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo, yeye mdai, mimi mdaiwa. Alishukia kwa Mzee Mlekwa, unayemjua. Mlekwa alikuwa mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kumwambia mila za mahali. Mgeni wake ndiye mdai, na mimi sikusema kitu. Niliona ni utovu wa adabu kumtilia shaka mzee.

Hakimu alikuwa kijana, mtu wa mbali na huku. Simlaumu kwa kutokujua. Aliniuliza mimi ni nani wa mtoto huyu. Nikamwambia ni mtani wa baba yake. Akasema hiyo si jamaa. Akaniuliza kama ni mume wa mama yake. Nikasema hapana. Ndugu yake? Hapana. Mpangaji? Nikasema nakaa pale lakini silipi. Kila nikijibu nilijiona napungua.

Kalunde alisimama akaeleza nani alikupeleka shule, nani alikaa nawe siku za surua. Alieleza vizuri kuliko mimi. Hakimu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama Maganga alikuwa amekwisha kutoa mahari. Mama yako akasema ndiyo, yote. Hakimu akaandika. Kwa mila, mahari yakishatoka mtoto ni wa ukoo wa mume, na mama ni mlango tu aliopitia.

Halafu ikaja zamu ya Mlekwa kuuliza. Aliegemea kiti, akatabasamu, akaniita kwa sauti ya barazani.

"Haya Mzaramo, hebu tuambie. Huyu binti wa Kinyamwezi ulimpataje?"

Nyamizi, mtani akikuuliza namna ile, ulimi unajibu wenyewe. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kama mshitakiwa, na hapa mtu alinifungulia dirisha la nyumbani.

"Nilimwiba, mtani," nikamwambia. "Nilimwona kwa wenye upara wa mizigo, nikamhurumia, nikamwiba."

Baraza zima likacheka. Mlekwa alicheka mpaka akafuta macho. Mihambo mwenyewe alicheka. Mama yako alijificha uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Hakimu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anaandika.

Hukumu ilisema mdaiwa amekiri kwa kinywa chake kwamba alimchukua mtoto bila ridhaa ya ukoo. Mlekwa alipoulizwa maoni yake alikuwa na nafasi ya kumweleza kijana yule maneno matatu tu: huo ni utani. Alijua. Alikuwa ameucheka. Alisema, "Mila ni mila, mtoto ni wa ukoo," akakaa.

Nakuachia fundisho hilo bila kulipamba: usitanie mbele ya mtu aliyeshika kalamu asiyekujua. Na mtu anayekuchekea hadharani mtazame tena wakati wa kutoa maoni.

La pili ni baya zaidi kwangu. Nilikuwa na haki ya rufaa, na sikukata. Nilijiambia sababu nyingi nzuri. Mama yako alikuwa amesema atakwenda Puge pamoja nawe, nisimrefushie kesi. Mihambo alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba mtarudi mjini baada ya mavuno. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikuwa tayari kusimama mbele ya hakimu mwingine, ule utani wangu usomwe kwa sauti kavu, mstari kwa mstari. Nilikaa kimya kwa heshima ya jina langu, na muda wa rufaa ukapita nikiwa nimenyamaza kwa adabu. Tangu hapo nimekuwa nikiiogopa adabu ya namna hiyo kuliko matusi.

Mihambo aliiuza nyumba kabla ya mavuno. Mama yako alikataa kurithiwa naye, kwa hiyo alipewa kibanda cha mwisho na shamba la pamba la kulima. Yaliyotokea Puge unayajua, nami nilisimuliwa na wewe mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka. Homa ilipomshika, wewe ndiye uliyekwenda kumwomba Mihambo gari la kumleta hospitali ya Tabora. Akakuambia gari lipo, lakini pamba kwanza. Pamba ikatangulia. Lilipokuja kurudi, hapakuwa na mgonjwa.

Sikuambiwa. Mimi karani wa mizigo, ninayejua gunia gani limetoka kijiji gani, niliipata habari ile kwa dereva wa lori, nikiwa nimeshika kalamu mkononi. Na habari yenyewe iliteremka ikiwa hai. Ulikuwa juu ya magunia ya pamba, una miaka kumi, umefunga nguo zako kwenye kipande cha ile kanga mama yako aliyojificha nayo uso mahakamani. Dereva alikushusha. Alikuwa na ujumbe, na hakuufurahia.

"Mihambo amesema nikuambie, Mzaramo, mzigo wako huu."

Nyumba ilikuwa imeuzwa. Mama amekufa. Hukuwa na faida tena, basi ukarudishwa. Hakuna aliyekwenda mahakamani kuibatilisha hukumu. Hakuna mzee wa baraza aliyeulizwa mila inasemaje. Mpaka leo, kwa karatasi za nchi hii, mimi ni mtu aliyekuiba, na kila shule uliyosoma ilikuandika kwamba unalelewa na jirani.

Nitakueleza kisasi changu cha kwanza, kwa sababu hukijui na kwa sababu kitakuchekesha. Mwaka ulioingia kidato cha kwanza, Mihambo aliagiza baiskeli mpya kutoka Dar es Salaam. Ilifika stesheni yetu na jina lake limefungwa kwenye usukani. Ilikuwa niiteremshe. Niliiacha ikaenda Kigoma. Kigoma wakairudisha, nikaielekeza Mpanda. Mpanda wakairudisha, nikaona Mwanza nako ni kuzuri. Mihambo alikuja stesheni akanikuta kaunta, akauliza, nami nikampekulia vitabu kwa unyenyekevu wa ajabu. Baiskeli ile iliiona nchi hii kuliko wabunge wengi. Ilipomfikia haikuwa na kengele wala pampu.

Nilifurahi kwa juma zima. Nilikuwa nikicheka peke yangu nikikoroga uji. Kisha furaha ikaisha, na nikaelewa kwa nini. Mihambo hakujua ni mimi. Alidhani ni shirika la reli tu. Mtu akipigwa asijue nani kampiga na kwa ajili ya nani, anajipaka dawa na kuendelea. Tangu hapo sijataka tena kisasi cha gizani. Nataka chenye jina langu, na jina la Kalunde, na mhuri.

Ndiyo maana nilifurahi ulipochagua sheria, na ndiyo maana sikukuonyesha jinsi nilivyofurahi. Ulinisomea likizo iliyopita ile sheria mpya ya ndoa. Inasema mjane asilazimishwe kurithiwa. Vizuri. Ilikuja mama yako akiwa tayari chini ya udongo wa Puge. Inasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja wakajulikana kuwa mke na mume wachukuliwe kuwa wana ndoa. Vizuri tena, itawafaa wengi. Lakini sisi hatukuwa mke na mume, na sitaki sheria inisaidie kwa kunisingizia.

Nyumba kama ile yetu ziko nyingi kuliko mahakama inavyodhani. Hapa Itetemia peke yake wapo wale wake wenza wawili, mume amekufa, wamekataa kuachana na wanalea watoto wao kwa chungu kimoja. Juzi shemeji yao ameanza kuuliza habari za shamba. Yupo fundi cherehani anayemlea mtoto wa rafiki yake aliyekufa machimboni. Wote hao wanakaa wakingoja Mihambo wao agundue kwamba anapenda. Wakili hasimami Mahakama ya Mwanzo, hilo nalijua. Lakini rufaa ina mlango wake, na kwenye mlango huo nataka wakukute wewe. Wewe usiogope kusomewa maneno yao kwa sauti kavu. Waulize wadai wote swali moja kabla ya mengine: siku ilipokuwa bure kumchukua mtoto huyu, ulikuwa wapi?

Najua utasema kisasi si hoja ya kisheria. Ulikwisha kuniambia. Basi hoja tafuta wewe, umesomeshwa kwa ajili hiyo. Hasira nitakupa mimi, ninayo ya kukutosha mpaka umalize masomo, na ikipungua niandikie.

Sasa nikueleze la leo. Wakati linatokea ulikuwa jikoni na kina mama, sufuria zinalia, na baadaye wote waliona vyema wakunyamazie.

Mihambo alikuja. Hilo uliliona, ulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mwenye shamba. Ulipoondoka alikwenda kukaa kwenye kile kiti changu cha mikono, ambacho vijana walikuwa wamekiweka mbele kwa ajili yangu. Sikumwondoa. Nilikaa kwenye mkeka nikamtazama amezeeka, koti linampwaya mabegani. Mzee Mlekwa alikaa kando yake. Watu walipokwisha kunywa chai, Mihambo akasimama akasema yeye ndiye baba, ndiye anayekutoa, na siku watakapokuja wenye ng'ombe wa mahari wajue njia ya Puge. Halafu akamwita kijana, na kijana akaja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na jogoo.

"Mtani," akaniambia, na alikuwa anacheka, "siku ile makaburini tulikuwa na majonzi, hatukukomboa ulichokiteka. Deni la utani halifi. Jogoo huyu hapa. Nirudishie mtoto wangu."

Watu walipiga makofi. Wengi ni vijana, waliona ni jambo zuri la kizamani. Mlekwa akanishika bega akaniambia nipokee, mila ni mila.

Nataka uelewe nilipokuwa nimekaa. Mtani akiletewa ukombozi, hupokea. Asipopokea amevunja utani, naye ndiye mwenye makosa. Na nikimpokea jogoo yule mbele ya watu wote wale, basi yamekwisha: miaka yote hii ilikuwa kumtunzia mwenyewe kitu chake, na mwenyewe amekuja. Alikuwa amefikiri vizuri. Alinishika kwa desturi ile ile aliyoikimbia.

Nilinyosha mkono. Nikampapasa jogoo mgongoni. Nikamsifu, kwa kuwa alikuwa jogoo mzuri.

"Mtani Mihambo," nikasema, "huyu ni bei ya siku ile. Wewe ni mkulima, pamba ya mwaka huu huiuzi bei ya mwaka wa Uhuru."

Watu walicheka. Naye alicheka. "Mzaramo kwa biashara," akasema. "Haya, taja bei yako."

"Mliponishinda mahakamani nilikukabidhi watu wawili," nikamwambia. "Mtoto na mama yake. Mmoja ulinirudishia juu ya magunia. Nirudishie na wa pili. Niletee Kalunde hapa uani, aje kwa miguu yake, anitukane. Nikishamsikia, jogoo nitampokea na mtoto utamchukua."

Hakuna aliyecheka. Hata wale vijana walijua wamesikia kitu. Mihambo alikuwa bado amenyosha kikapu.

"Huo si utani," akasema.

"Ni utani, mtani. Na mtani hakasiriki."

Alimgeukia Mlekwa kama mtu anayetafuta mzee wa baraza wake. Nami nikamgeukia Mlekwa. Ana miaka mingi yule mzee, mikono inamtetemeka, na siku nyingine humwonea huruma. Leo sikumwonea.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mwaka ule mliandika utani wangu. Huu nao andikeni."

Mlekwa alitazama chini. Akasema, polepole, na tulimsikia mimi na waliokaa karibu, kwamba mtani hajaletewa ukombozi wa kutosha. Ni maneno machache, na amechelewa nayo miaka kumi na miwili. Sijamsamehe. Lakini nimeyaandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na majina ya waliosikia.

Mihambo aliondoka bila kula. Wewe ulitoka jikoni na sinia ukauliza baba mkubwa yuko wapi, nami nikakuambia amewahi usafiri. Jogoo wake alimsahau, au alimwacha makusudi ili kesho aseme alipokelewa. Ndiye huyo uliyeniuliza ni wa nani, aliyefungwa kwenye mchi nyuma ya nyumba. Ndiyo maana nilikataa achinjwe.

Kesho nitakusindikiza stesheni. Nitakutania mbele ya watu kama kawaida, nawe utacheka, na sitasema hata moja kati ya haya. Garimoshi likishaondoka nitapita stendi ya malori ya Nzega. Nitamkabidhi dereva wa Puge kikapu, jogoo akiwa hai na ameshiba, na ujumbe ambao nimekaa nao tangu siku ile uliposhushwa kutoka juu ya pamba:

Mwambie Mihambo, mzigo wake huu.

Mimi ni mtani wa baba yako, na baba yako,
Kondo